Njia ya Injili na Njia ya Vita: Askari wa Vita vya Kagera na Mawazo ya Wananchi

Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka 100 ni desturi njema kuwakumbuka wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliotutangulia. Majina yao yamo katika sura nyingine za kitabu hiki. Liko, hata hivyo, kundi jingine la waumini ambalo mara nyingi husahauliwa katika historia za sharika, nalo ni la wale walioondoka kanisani wakiwa vijana, wakavaa sare, wakaenda vitani. Wengine walirudi na kuketi tena katika viti vile vile walivyoviacha, na wengine hawakurudi. Sura hii imewekwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya jamii iliyowatuma, iliyowaombea, iliyowashangilia, na baadaye ikawa na maswali juu ya vita vyenyewe.

Watu wa Buhaya wamepitishwa na karne iliyopita katika vita vitatu. Wazee wa kwanza wa kanisa waliviona vita kwa macho yao hapa nyumbani, pale majeshi ya Waingereza yalipouvamia mji wa Bukoba mwezi Juni 1915, yakaharibu kituo cha simu za upepo cha Wajerumani, na mji ukaporwa. Kizazi kilichofuata kilitoa vijana kwa jeshi la King's African Rifles, ambao wenzao wa Afrika Mashariki walifika hata misitu ya Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Vita hivyo viwili vilikuwa vya watawala, na mwananchi hakuulizwa mawazo yake. Vita vya tatu, yaani Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, vilikuwa vya namna nyingine. Safari hii taifa huru liliwaita watoto wake lenyewe, na wananchi walikuwa na la kusema.

Njia ya Kaskazini

Ili kuelewa uchungu wa vita hivyo kwa Mkristo wa Buhaya, hapana budi kukumbuka Injili ilivyoingia katika nchi hii. Kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910, walikuwapo Wahaya waliokwisha kulisikia Neno la Mungu kutoka Buganda. Walisoma Biblia ya Kiganda, wakafundishana wao kwa wao, na wakasali bila mchungaji. Baadaye, katika miaka ya 1930 na 1940, moto wa uamsho uliowaka Rwanda na Uganda ulifika Bukoba kwa njia hiyo hiyo ya kaskazini. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza haukuwahi kukata undugu, ndoa, biashara wala ushirika wa waamini.

Kwa sababu hiyo habari za Uganda zilisikika hapa kama habari za nyumbani. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuitambua serikali hiyo na akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walijaribu kuingia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa, na ndege za Amin zikajibu kwa kuipiga mabomu miji ya Bukoba na Mwanza. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba 1972 ulizima moto ule, lakini makaa yalibaki. Kisha, mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa. Wakristo wa upande huu walilia msiba ule kama wao. Mwaka huo huo Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Dar es Salaam, ulimchagua Baba Askofu Josiah Kibira wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hivyo dayosisi iliyompa dunia ya Kilutheri kiongozi wake ndiyo iliyofikiwa na vita mwaka mmoja baadaye.

Oktoba 1978

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka kwa nguvu na kuikalia nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,800, ni sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa. Mali iliporwa: ng'ombe wa ranchi ya Missenyi kwa maelfu, mitambo ya kiwanda cha sukari, mabati ya nyumba, hata vyombo vya jikoni. Watu waliuawa, wanawake walitendewa maovu, na wengine walichukuliwa mateka. Waliopata nafasi walikimbilia kusini. Walivuka mto kwa mitumbwi au kwa namna yoyote iliyopatikana, wengine wakiwa wamebeba watoto tu, wakapokewa na ndugu, jamaa na hata watu wasiowajua. Magofu ya kanisa la Kyaka yamebaki kuwa shahidi wa siku zile.

Katika siku za kwanza mawazo ya wananchi yalikuwa ni hofu na mshangao. Mpaka ulikuwa na askari wachache, na wakuu wa nchi hawakutegemea shambulio la namna hiyo. Wakimbizi walileta habari kabla ya redio, na wengi waliuliza kama serikali ilijua yaliyokuwa yakitendeka. Jibu lilikuja tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa na kueleza kwamba Tanzania ilikuwa na sababu ya kumpiga Amin, ilikuwa na nia, na ilikuwa na uwezo. Maneno hayo matatu, sababu, nia na uwezo, yalirudiwa sokoni, shuleni na vilabuni hata watoto wakayajua kwa moyo. Mioyo iliyokuwa ikitetemeka ilipata mahali pa kusimama.

Wito na Safari ya Askari

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika majuma machache idadi hiyo iliongezwa hata ikazidi 100,000, kwa kuwaita Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, askari wa magereza, na makumi ya maelfu ya mgambo. Waziri Mkuu Edward Sokoine alisimamia ukusanyaji wa watu na vyombo kutoka mikoani. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi ya vita. Mkuu wa Majeshi alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo, na majina ya makamanda kama David Msuguri, Silas Mayunga na John Walden yakawa maarufu nchi nzima.

Ni vema kukaa kidogo juu ya hao mgambo, maana wao ndio waliofanana zaidi na waumini wa kawaida wa sharika zetu. Hawakuwa askari kwa kazi. Walikuwa wakulima, wafugaji, mafundi, makarani na vijana waliokuwa wakifikiria kuoa. Walipewa mafunzo ya muda mfupi, wakapanda magari na treni hadi Mwanza, kisha wakavushwa ziwa kwa meli hadi Bukoba, au wakazunguka kwa barabara mbovu ya nchi kavu. Wengi walikuwa hawajawahi kuliona Ziwa Viktoria, wala kula ndizi kama chakula cha kila siku. Walifika wakati wa mvua za vuli, njia zikiwa tope, mahandaki yakijaa maji. Kabla ya kuuona uso wa adui, askari alipambana na baridi ya usiku, malaria, buti zilizombana miguu, na mawazo ya shamba aliloliacha bila kulimwa.

Mwishoni mwa Novemba majeshi yetu yalivuka Mto Kagera. Waliyoyakuta upande wa pili yaliwabadilisha. Vijiji vilikuwa vitupu, nyumba zimeezuliwa, na maiti za raia hazikuwa zimezikwa. Askari aliyetoka Mtwara au Tabora, ambaye kwake Kagera ilikuwa jina la kwenye ramani tu, aliona kwa macho yake kilichofanyika. Tangu siku ile vita havikuwa tena amri ya serikali peke yake. Vilikuwa jambo la moyo wake, na hapo ndipo pia kishawishi cha kisasi kilipozaliwa.

Jinsi Wananchi Walivyovipokea Vita

Haijapata kutokea tangu uhuru kwamba Watanzania wawe na sauti moja kama katika miezi ile. Vijiji vilichanga ng'ombe, mbuzi, nafaka na fedha. Bendi za muziki na kwaya zilitunga nyimbo za kuwatia moyo wapiganaji, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirusha mchana na usiku. Amin hakutajwa tena kwa cheo. Aliitwa nduli. Mahali penye redio moja palikusanyika kijiji kizima saa ya taarifa ya habari.

Lakini shangwe ya uwanjani haikuwa ndiyo hali ya ndani ya nyumba. Mama aliyempeleka mwanawe, na mke aliyebaki na watoto, walisikia redio ikitangaza ushindi bila kutaja gharama yake kwa majina. Barua zilichelewa, na simu zilikuwa chache. Mtu akiwaona viongozi wa kijiji wakija kwa miguu bila kuzungumza, moyo ulisimama. Sala ya kanisa, ambayo kila Jumapili huwaombea watawala, wagonjwa na wasafiri, ilipata uzito mpya, kwa kuwa wasafiri wale walikuwa na nyuso zinazojulikana. Hivyo basi tukisema wananchi waliviunga mkono vita, na tuseme pia kwamba waliviunga mkono huku wakilia. Mambo hayo mawili hayapingani.

Kutoka Mutukula hadi Kampala

Mutukula ilitwaliwa Januari 1979. Masaka na Mbarara zilianguka mwishoni mwa Februari, na katika miji hiyo majengo mengi yalilipuliwa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Jambo hili halina budi kuandikwa bila kufichwa. Baadhi ya wapiganaji waliona ni haki, na wananchi wengi nyumbani waliwaona hivyo hivyo. Lakini waliokuwa wakiishi katika nyumba zile hawakuwa Amin. Walikuwa Waganda na Wanyankole ambao wengi wao nao walikuwa wakimwomba Mungu awaokoe na mtawala yule yule.

Pigano lililowajaribu zaidi mgambo lilikuwa lile la Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi 1979. Brigedi ya 201, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mgambo, ilishambuliwa na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya waliotumwa na Kanali Gaddafi. Makombora yaliwaangukia watu ambao kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia yakielekezwa kwao. Wengi walikimbia. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizungushwa ikamtokea adui kwa nyuma alfajiri, mgambo nao wakajipanga upya, na siku ya pili ushindi ukapatikana. Nyimbo za ushindi hazikutaja kukimbia kule. Hata hivyo historia ya kweli inakutaja, kwa kuwa ushujaa wa mkulima aliyekimbia usiku akarudi asubuhi si mdogo kuliko wa yule ambaye hakuijua hofu.

Gaddafi alituma pia ndege ya kuipiga Mwanza mabomu mwishoni mwa Machi, lakini mabomu yakaua wanyama katika hifadhi ya Saanane. Entebbe ilitwaliwa tarehe 7 Aprili. Katika kuizingira Kampala, Mwalimu Nyerere aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya wapate kuondoka, wasilazimike kufa wala kuwaua wengine bila sababu. Tarehe 11 Aprili mji ulikuwa mikononi mwa majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wamejiunga katika mkutano wa Moshi wa mwezi Machi. Kutoka mpakani hadi pale ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya njia hiyo askari waliipita kwa miguu. Umati uliwalaki kwa matawi, vigelegele na ndizi zilizoiva. Vijana walioitwa kulinda mpaka walijikuta wanaitwa wakombozi. Mwanzoni mwa Juni 1979 waliufikia mpaka wa Sudan, na vita vikaisha.

Swali Lililobaki

Kulifukuza jeshi la adui katika ardhi ya Tanzania hakukuwa na mpinzani. Kuendelea hadi Kampala kulizua mjadala. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na msimamo wa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na katika mkutano wa Monrovia wa Julai 1979 baadhi ya viongozi, akiwamo Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria, waliilaumu Tanzania waziwazi. Mwalimu alijibu kwamba vilikuwapo vita viwili: vya Watanzania kumwadhibu mvamizi, na vya Waganda wenyewe kujikomboa.

Mlutheri analo neno la imani yake katika jambo hili. Ungamo la Augsburg, katika kifungu chake cha 16, linakubali kwamba Mkristo anaweza kuwa askari na kupigana katika vita vya haki bila kutenda dhambi. Martin Luther aliandika kitabu kizima mwaka 1526 kujibu swali la askari mmoja aliyesumbuliwa na dhamiri, kama mtu wa kazi yake aweza kuokolewa. Jibu lilikuwa kwamba kazi ya askari yaweza kuwa huduma kwa jirani, lakini haki ya vita haimhalalishii mtu kila atendalo ndani ya vita. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari jambo lilo hilo katika Luka 3:14. Hakuwaagiza waache uaskari. Aliwaagiza wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, na watosheke na mishahara yao.

Kwa kipimo hicho vita vya kuwarudisha watu wa Missenyi makwao vilikuwa vya haki. Kwa kipimo hicho hicho, saa ya mkononi, redio au baiskeli iliyochukuliwa katika nyumba ya Mganda haikuwa ya haki, hata kama mwenye kuichukua alikuwa shujaa siku iliyotangulia.

Kurudi Nyumbani

Mgambo wengi waliruhusiwa kurudi mashambani, lakini sehemu ya jeshi ilibaki Uganda hadi mwaka 1981 kulinda amani ambayo haikutulia. Huo ulikuwa wakati mgumu kwa askari. Waganda waliowashangilia mwaka 1979 walianza kuuliza wataondoka lini, na ndugu zao Tanzania nao waliuliza hivyo hivyo.

Nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Vita vinakadiriwa kuligharimu taifa takriban dola milioni 500 za Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, na bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka. Sukari, sabuni, nguo na mafuta ya taa vikawa vya foleni, na walanguzi wakanawiri. Silaha zilizozagaa ziliingia mikononi mwa majambazi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wa Kagera, na watu wengi waliuhusisha ugonjwa huo na vita na magendo ya mpakani. Hapo ndipo sauti ya wananchi, iliyokuwa moja mwaka 1978, ilipoanza kugawanyika. Wengine walisema vita ndivyo vilivyotufukarisha. Wengine walijibu kwamba umaskini una sababu nyingi, na kwamba nchi isiyojilinda haina cha kugawana.

Aliyeumia katikati ya mabishano hayo ni askari. Alipoondoka alikuwa mwana wa taifa zima, na aliporudi alikuta watu wamechoka kusikia habari za vita. Wengi wao walinyamaza. Jamii ilidhani ni ukali, au ni pombe, au ni mwenendo tu wa mzee fulani. Kanisa nalo lilijua kumzika askari, lakini halikujua vizuri kumsikiliza aliye hai. Hilo ni deni, na kitabu cha miaka 100 ni mahali panapofaa kulikiri.

Hitimisho

Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya wapiganaji wa vita hivyo. Wengi wanaolala pale walitoka mikoa ya mbali. Kwa mila ya Wahaya mtu huzikwa katika kibanja cha nyumbani kwake, na kaburi ndilo linalomfunga mtu na ardhi. Basi vijana wale waliozikwa katika ardhi hii wamekuwa wana wa nyumba. Kila mwaka tarehe 25 Julai, taifa linapoadhimisha Siku ya Mashujaa, yafaa sharika za hapa zisiwaachie serikali na jeshi peke yao kumbukumbu hiyo, maana ni msiba wa nyumbani.

Na wale walio hai, ambao sasa ni wazee wenye mvi, waulizwe habari zao kungali mapema, wala si kwa ajili ya kusifu vita. Waulizwe ili vijana wajue kwamba amani waliyozaliwa ndani yake ililipiwa, na ili wazee wenyewe watue mzigo walioubeba kimya tangu Lukaya.

Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera baada ya vita hivyo. Daraja la Kyaka lilijengwa upya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizaliwa tena mwaka 2000, na leo malori, wafanyabiashara na kwaya hupita Mutukula kwenda na kurudi. Njia hii ililileta Neno la Mungu, ikawaleta wavamizi, ikawapeleka wakombozi, na sasa imerudi kuwa njia ya ndugu. Nabii Isaya aliona siku ambayo mataifa yatafua panga zao ziwe majembe. Siku hiyo haijatimia, lakini mkulima wa mgambo aliyeitundika sare yake akarudi shambani, kisha Jumapili iliyofuata akaingia kanisani, alikwisha kuionja. Mwenyezi Mungu na awape pumziko waliolala, faraja waliobaki, na kizazi kijacho hekima ya kuilinda amani. Amina.